Kaliba, risasi na mtutu: istilahi za kubadili bunduki ya kuwindia

kaliba *nomino* [i-/zi-] 1. kipenyo cha tundu la mtutu wa bunduki; kwa maana pana, aina ya risasi ambayo bunduki imeundwa kuitumia: *bunduki ya kaliba kubwa.* 2. kiwango cha ubora au hadhi ya mtu: *mwalimu wa kaliba yake ni nadra.*

Asili

Neno hili limeingia kupitia Kiingereza, ambacho nacho kililipokea kutoka Kifaransa. Wanaetimolojia kwa kawaida hulirudisha hadi neno la Kiarabu *qalib*, lenye maana ya chombo cha kusubia metali. Kiswahili kilikwisha kulipata neno hilo la Kiarabu katika umbo la *kalibu*. Kwa hiyo *kaliba* na *kalibu* ni ndugu waliofika kwa njia mbili, na hayafai kubadilishana nafasi katika matumizi.

Utata wa neno risasi

Matini inayoeleza namna bunduki ya kuwindia inavyobadilishwa ili itumie risasi za aina nyingine humtatiza mtafsiri mapema, kwa sababu neno *risasi* hubeba maana kadhaa. Kwanza ni jina la metali laini na nzito. Pili ni kipande kinachotoka mtutuni na kumpiga mnyama. Tatu ni kifurushi kizima: ganda, fataki, baruti na kipande hicho. Nne, katika lugha ya sheria, ni zana zote za kupakia, kama ilivyo katika sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 inayodhibiti silaha na risasi.

Zama za gobore hazikuwa na utata huo. Baruti ilimiminwa peke yake, na kipimo chake kikaitwa *kiasi cha bunduki*; risasi au marisau yalifuata, na fataki ikawekwa mahali pake. Vitu hivyo vilipofungwa pamoja ndani ya ganda moja, jina la sehemu likawa jina la kitu kizima.

Katika matini ya kiufundi inafaa kutenganisha:

- risasi nzima: ganda likiwa na vyote vilivyomo;
- kichwa cha risasi: kipande kinachoruka;
- ganda la risasi: kifuko cha metali kinachobaki baada ya kufyatua;
- chemba: nafasi iliyo nyuma ya mtutu ambamo risasi nzima hukaa;
- komeo: chuma kinachosukuma risasi ndani ya chemba na kuifunga kwa nyuma.

Kubadili nini hasa?

Usemi *kubadili kaliba* huficha kazi mbili tofauti.

Kazi ya kwanza ni kubadili kipenyo chenyewe. Mfano mzuri ni risasi ya 9.3x62, iliyobuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, kwa ajili ya wawindaji na walowezi wa Kijerumani barani Afrika. Bock aliiunda ili ifae bunduki ya Mauser 98. Kitako cha ganda lake kina upana ulio karibu sawa na wa risasi ya kijeshi ya Mauser, 7.92x57. Hivyo fundi anayebadili bunduki kutoka 7.92x57 kwenda 9.3x62 huhitaji mtutu mpana zaidi wenye chemba yake, lakini komeo la awali huweza kulishika ganda jipya. Hapa *kubadili kaliba* ni kauli sahihi.

Kazi ya pili ni kubadili chemba huku kipenyo kikibaki kilekile. Risasi za .308 Winchester na .30-06 Springfield zina vichwa vya kipenyo kimoja, takriban milimita 7.82. Zinatofautiana katika ganda: la kwanza lina urefu wa takriban milimita 51, la pili 63. Bunduki ya .308 ikibadilishwa ili ipokee .30-06 huhitaji chemba ndefu zaidi, na mtambo na magazini yake sharti viwe na urefu wa kutosha. Kaliba haijabadilika, kilichobadilika ni risasi nzima. Kauli inayofaa ni *kubadili chemba*.

Linganisha:

- ✗ *Bunduki hizi mbili hutumia risasi ile ile.*
- ✓ *Bunduki hizi mbili hutumia vichwa vya risasi vya kipenyo kimoja, lakini risasi zake haziingiliani.*

Sentensi ya kwanza inaweza kumponza msomaji. Risasi fupi ya .308 huweza kuingia katika chemba ya .30-06 na kufyatuka. Ganda lisiloshikwa vizuri na kuta za chemba huweza kupasuka, na gesi ya moto huweza kurudi nyuma upande wa uso wa mpigaji.

Tarakimu na herufi ni sehemu ya jina

Majina ya risasi hayatafsiriwi wala hayageuzwi kutoka inchi hadi milimita. Katika *9.3x62*, tarakimu ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita. Katika *.30-06*, tarakimu *06* ni mwaka 1906, ambapo jeshi la Marekani liliipokea risasi hiyo. Anayeichukulia kuwa kipimo hupotoka, na anayeiondoa nukta ya mwanzo hubadili jina.

Herufi nazo zina uzito. Kati ya 1903 na 1905 Ujerumani ilibadili risasi yake ya kijeshi: kichwa cha zamani, chenye alama J (au I), kilikuwa na kipenyo cha takriban milimita 8.08, kipya, chenye alama S, takriban 8.20. Maganda yanafanana, lakini kufyatua risasi ya S katika mtutu wa J ni hatari, kwa kuwa kichwa hulazimishwa kupita katika tundu jembamba na shinikizo hupanda. Mtafsiri anayeiacha herufi hiyo akidhani ni alama ya kiwanda ameliacha onyo lenyewe.

Ushauri wa matumizi

1. Pale ambapo chanzo hakisemi wazi kama kilichobadilika ni kipenyo au chemba, tumia *kubadilisha bunduki ili itumie risasi za …*; kauli hiyo ni kweli kwa hali zote mbili.
2. Tumia *risasi* peke yake iwapo muktadha hauruhusu maana ya pili. Katika ripoti ya mahakamani, *risasi tatu zilipatikana* haielezi kama ni nzima, vichwa au maganda, taja.
3. Usitumie *mtutu* kwa maana ya bunduki nzima katika matini ya kiufundi, hata kama mazungumzo na ushairi huruhusu.
4. *Kaliba* hupatana na i-/zi-: *kaliba hii, kaliba hizi*, si *makaliba*.

*Tazama pia:* baruti, fataki, gobore, kalibu, marisau.