Mwaka wa Kawaida Uko Wapi? Kuhesabu Mafua Pwani ya Ruvuma

Msimbati ni rasi ya mchanga na minazi, kusini-mashariki ya mji wa Mtwara, karibu na mahali ambapo Mto Ruvuma unamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Wageni huijua kwa gesi asilia iliyogunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Wapenda visa huijua kwa Latham Leslie-Moore, Mwingereza aliyejitangaza sultani wa rasi hiyo mwaka 1959. Mimi nataka kuizungumzia kwa jambo ambalo halijampa mtu yeyote umaarufu: mafua. Wamakonde, Wamakua na watu wengine wa mwambao huu wameugua mafua kizazi baada ya kizazi. Swali ni nani aliyewahi kuhesabu, na alihesabu kwa kipimo gani.

Njia kongwe ya kupima mzigo wa mafua haihitaji maabara. Ugonjwa ulipoipiga London mwaka 1847, William Farr wa ofisi ya usajili alichukua idadi ya watu waliokufa katika wiki zile, akatoa idadi iliyozoeleka ya wiki kama hizo katika miaka iliyotangulia, na salio akaliandikia mafua. Hadi leo wataalamu hufuata msingi huo na kuliita salio hilo vifo vya ziada. Hesabu ni ya kutoa tu, lakini ina sharti moja zito: lazima uwe na mwaka wa kawaida wa kulinganisha. Pwani ya Ruvuma imekosa sharti hilo tangu mwanzo.

Tazama hali ilivyokuwa mwaka 1918, homa kuu ya mafua ilipofika Afrika. Wanahistoria K. David Patterson na Gerald Pyle, katika utafiti wao wa mwaka 1983, walitaja milango mitatu mikuu ya homa hiyo kusini mwa Sahara: Freetown, Cape Town na Mombasa. Mombasa iliupata ugonjwa mwezi Septemba kwa meli zilizotoka Bombay. Mwezi huo unastahili kutazamwa kwa makini. Zama za matanga, chombo cha kutoka India kilisubiri kaskazi, pepo zinazovuma tangu karibu Desemba hadi Machi, na safari ilichukua majuma kadhaa. Mafua huonyesha dalili siku 1 hadi 4 tangu mtu aambukizwe, kwa hiyo kwenye jahazi lenye mabaharia wachache ugonjwa uliweza kuwapitia wote na kuisha kabla nchi kavu haijaonekana. Meli ya mvuke ilibeba mamia ya watu na haikumwomba mtu upepo. Ilifika pepo za kusi zikiwa bado zinavuma, na homa ikiwa bado hai ndani yake.

Kusini, kuzunguka Ruvuma, homa iliwakuta watu waliokwisha kuchoshwa na Vita Kuu ya Kwanza. Aprili 1916 Wareno waliiteka Kionga, ng'ambo ya pili ya mto. Septemba mwaka huo Waingereza waliingia Mikindani na Lindi. Oktoba 1917 yakapiganwa mapigano makali ya Mahiwa, na mwezi uliofuata jeshi la Kijerumani la Paul von Lettow-Vorbeck likavuka Ruvuma huko Ngomano kuingia Msumbiji. Septemba 1918 likavuka tena kurudi kaskazini, na kabla halijaweka silaha chini huko Abercorn tarehe 25 Novemba, mafua na kichomi vilikuwa tayari vimo safarini pamoja nalo. Kila jeshi lililopita lilichukua chakula cha wanakijiji na kuchukua vijana wao kubeba mizigo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake hukadiriwa kuwa karibu laki moja katika vita nzima, wengi wao kwa maradhi.

Basi Farr angefanyaje hesabu yake hapa? Mwaka 1914 ulikuwa wa vita, na 1915 vilevile. Mwaka 1916 na 1917 ulikuwa wa vita iliyofika mlangoni, na baada ya 1918 ikaja njaa iliyoyakumba maeneo mengi ya nchi. Mtu akifa Novemba 1918 akiwa na njaa, akiwa ametoka kubeba mizigo na akikohoa damu, salio lake unaliandikia nini? Waliohesabiwa vizuri ni wale waliokuwa kwenye orodha za mishahara, yaani askari na maofisa. Mpagazi aliandikwa nusunusu. Mama aliyebaki shambani hakuandikwa kabisa. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1921, na hata hapo Waafrika walio wengi hawakulazimika kusajiliwa.

Kwa sababu hiyo makadirio ya nchi nzima, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa watu 50,000 hadi 80,000, yana pengo la 30,000 katikati. Sishangai. Hata hesabu ya dunia ina sura hiyo: Patterson na Pyle walipoirudia mwaka 1991 walipata vifo kati ya milioni 24.7 na milioni 39.3, na mwaka 2002 Niall Johnson na Juergen Mueller wakapandisha hadi milioni 50, wakionya kwamba huenda ni zaidi. Penye daftari namba hukaza. Pasipo na daftari hulegea, na Afrika ndipo ilipolegea kuliko kwingine.

Mfano wa karibu unaoonyesha daftari linaweza kufanya nini uko kwenye mwambao huuhuu, upande wa Kenya. Mwaka 2019 watafiti walichapisha matokeo ya kupekua nyaraka za kikoloni za Mkoa wa Pwani, za tangu 1912 hadi 1925. Walichokuwa nacho, na ambacho Ruvuma haina, ni ile miaka ya kabla na ya baada. Waligundua kwamba vifo viliongezeka mara 6 mwaka 1918, wagonjwa waliokwenda kutibiwa wakaongezeka mara 3, na homa yenyewe iliua kama watu 25.3 katika kila 1,000. Katika kijiji cha watu 400, hayo ni makaburi 10. Kuichukua namba hiyo na kuibandika Msimbati kungekuwa uzembe, maana Mombasa ilikuwa bandari yenye reli na hospitali, na vita haikupigwa mitaani mwake. Ila inatupa wazo la ukubwa wa kilichopita.

Kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa mwaka 1933, huko London. Tangu hapo swali la pili likawezekana kuulizwa kwa uhakika: mafua yana msimu? Ulaya jibu ni jepesi, ni ya baridi. Kwetu jibu linasumbua. Ukimuuliza mtu wa pwani atakutajia kipupwe, Juni na Julai, usiku unapopoa na kusi inapovuma. Utafiti wa kulinganisha nchi nyingi unasema tofauti: penye joto na unyevunyevu mwaka mzima, mafua huelekea kupanda miezi ya mvua. Kwa Msimbati, yenye msimu mmoja wa mvua, hiyo ingekuwa kati ya Desemba na Aprili. Kenya, ambako ufuatiliaji ulianza 2006, takwimu za 2007 hadi 2013 zilionyesha vipindi viwili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Julai hadi Novemba. Lakini Kenya ina vuli na masika, na nyanda zake za juu zina baridi ya kweli. Sioni sababu ya kudhani mdomo wa Ruvuma unafuata ratiba ya Nairobi.

Tanzania ilianza ufuatiliaji wa aina hiyo mwaka 2008, kwa hospitali chache zilizoteuliwa, zikiwemo Mwananyamala ya Dar es Salaam na Haydom ya Manyara. Mgonjwa mwenye homa na kikohozi huchukuliwa sampuli ya pua na koo kwa kijiti cha pamba, na sampuli hupelekwa ikiwa kwenye ubaridi hadi maabara ya taifa. Mfumo huo ulikuwa na umri wa mwaka mmoja tu mafua ya nguruwe yalipoingia nchini Julai 2009, na ulifaa. Ila vituo vya namna hii vinakuambia ni aina gani ya kirusi inazunguka na mwezi gani. Ili kujua ni watu wangapi kati ya wangapi, unahitaji kujua hospitali inahudumia watu gani hasa, na hapo ndipo kazi inapokwama.

Makadirio ya dunia yaliyochapishwa mwishoni mwa 2017 yalisema mafua ya msimu huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka, na kwamba kiwango cha juu kabisa kinaangukia kusini mwa Sahara. Takwimu za vifo zilizotumika zilitoka nchi 33 tu, na zilizobaki zilijazwa kwa hesabu za ulinganisho. Ni kazi ya kuheshimika, lakini Msimbati imo humo kama makisio ya makisio.

Zahanati zetu zina daftari ambalo wengi hulidharau. Ni kitabu cha wagonjwa wa nje cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya. Muuguzi huandika tarehe, jina, umri, kijiji, kisha utambuzi. Mafua huangukia kwenye kundi la maambukizi ya njia ya hewa, pamoja na vikohozi vya kila namna, na kichomi kina nafasi yake peke yake. Mwisho wa mwezi hujumlishwa na kupelekwa wilayani. Hakuna kirusi kinachothibitishwa humo, na mwaka ambao dawa zimeisha wagonjwa hupungua kwenye kitabu bila kupungua kijijini. Hata hivyo, ukipanga miaka 10 ya safu hizo mbili mwezi kwa mwezi, ukaziweka kando ya vipimo vya mvua na joto vya Mtwara, utaona kama vilima vinaangukia kipupwe au miezi ya mvua. Jibu hilo litahitajika siku moja: mafua hayamo katika chanjo za kawaida za taifa. Siku yatakapoingizwa, mtu atalazimika kuchagua kati ya chanjo inayopangwa kila Februari kwa kaskazini ya dunia na ile inayopangwa kila Septemba kwa kusini yake, na kuamua mwezi wa kuichoma. Kwa kijiji kilicho kwenye nyuzi 10 kusini ya ikweta, ramani pekee haitoshi kuamua.