Springi tatu chini ya santuri

Mwaka 1961 kampuni ya Acoustic Research ya Cambridge, Massachusetts, ilianza kuuza kicheza santuri kwa dola 58. Kwa macho hakikuwa na la kujivunia: kibao cha mstatili, sahani ya chuma, mkono mwembamba wenye sindano, basi. Ukitaka kutoka kasi ya 33 kwenda 45 ulilazimika kunyanyua sahani na kuhamisha mkanda wa mpira kwa vidole. Lakini ungeweza kukipiga kibao chake ngumi santuri ikizunguka, na muziki ukaendelea kama vile hakuna aliyegusa kitu. Vicheza santuri vya bei mara tatu vilikuwa haviwezi hilo.

Tatizo lililotatuliwa hapo, mtikisiko kuingia kwenye muziki, halikuwa la zamani sana. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, santuri zilizorudi Zanzibar zilikuwa zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika. Mfereji wake ulikuwa mpana, na mkono wa gramafoni uliilalia sindano kwa uzito ambao leo ungechimba santuri mpaka upande wa pili. Gramafoni ya kutia ufunguo haikuwa na umeme wala spika. Sindano ilitikisa kiwambo, kiwambo kikasukuma hewa kwenye pembe, na wewe ukasikia. Watu wakicheza chumbani na sakafu ikayumba, baya kuliko yote ni sindano kuruka. Unairudisha, ngoma inaendelea.

Mambo yaligeuka Juni 1948, Columbia ya Marekani ilipotoa santuri ya muda mrefu, ya mizunguko 33 na theluthi. Mfereji ulisagwa ukawa mwembamba ili dakika ishirini na ushei za muziki ziingie upande mmoja. Ncha ya sindano, iliyokuwa na upana wa kama mikroni 75, ikashuka hadi mikroni 25. Unywele wa kichwa chako una mikroni kama 70. Na sasa kati ya sindano na sikio kulikuwa na amplifaya, inayokuza mtikisiko mdogo mara maelfu bila kuuliza umetoka wapi.

Hapo ndipo mduara ulipofunga. Spika inatikisa sakafu, sakafu inatikisa meza, meza inatikisa sindano, sindano inaambia amplifaya, amplifaya inarudisha kwa spika, sasa kwa nguvu zaidi. Ukiongeza sauti mpaka mahali fulani, muziki unamezwa na mngurumo unaojilisha wenyewe, na koni ya spika ya besi utaiona inapwita kama kifua cha mtu aliyekimbia. Kabla hata ya kufika huko, besi inakuwa imeshalegea na kujaa matope.

Stirio ikazidisha. Kwenye santuri ya zamani ya mono sindano ilisomwa ikienda kushoto na kulia tu. Ikipanda na kushuka, hakuna aliyejali. Santuri za stirio, zilizoingia madukani mwaka 1958, zilihitaji sindano isomwe pande zote mbili za mfereji, na kwa hesabu hiyo kupanda na kushuka nako kukawa sauti. Mtikisiko wa sakafu kwa kawaida ni wa kupanda na kushuka. Yaani watu walinunua stirio wakauziwa na nyayo zao humo humo.

Aliyebuni kile kicheza santuri cha dola 58 ni Edgar Villchur, mtu aliyesomea historia ya sanaa na kuupata ufundi wa elektroniki jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kifungue kwa chini uone alichofanya. Mota imefungwa kwenye bamba la juu. Chini ya bamba hilo, kwa springi tatu, kumening'inizwa fremu ya chuma. Upande mmoja wa fremu ndipo linapokaa tundu la mhimili wa sahani. Upande mwingine umesimama mkono wa sindano. Kinachounganisha mota na sahani ni ule mkanda wa mpira tu, na mpira haupitishi mtetemo wa mota kama chuma kinavyoupitisha.

Siri haiko kwenye springi peke yake. Springi zilishatumika hata kabla yake. Siri ni kwamba sahani na mkono vimepandishwa juu ya mfupa mmoja. Watu wawili walioketi mtumbwi mmoja wanaweza kupeana kikombe cha kahawa hata wimbi likiwainua, maana wanainuka pamoja. Mmoja akiwa mtumbwini na mwenzake gatini, kahawa itamwagika. Sindano haisomi kuyumba kwa fremu. Inasoma tofauti kati yake na mfereji, na hapo tofauti haipo.

Springi nayo ina hesabu yake, na nitaitaja kwa sababu wauzaji wengi huiruka. Weka mzigo juu ya springi uone imebonyea kiasi gani. Ikibonyea sentimita moja, mzigo utayumba wenyewe mara tano hivi kwa sekunde. Ikibonyea sentimita nne, mara mbili na nusu. Mtikisiko wa kasi inayozidi hiyo kwa mara moja na nusu hivi huanza kuzuiwa, na kadiri unavyozidi ndivyo unavyozuiwa zaidi. Ulio karibu na kasi ile ile haupungui: unaongezeka. Springi za Villchur ziliyumba mara tatu hadi tano hivi kwa sekunde, wakati waya mnene wa gitaa la besi hutetemeka mara 41. Besi ya spika ikawa haina njia. Ndiyo maana kipande kigumu cha mpira kisichobonyea hakizuii chochote cha maana, hata kingeuzwa kwenye kasha la mahameli.

Acoustic Research ilikuwa pia na chumba cha kusikilizia muziki ndani ya stesheni ya treni ya Grand Central, New York. Mpita njia aliingia, akakaa, akasikiliza, akaondoka. Hakuna kilichouzwa mle. Sijui mahali pengine pazuri zaidi pa kuringia springi kuliko juu ya reli.

Wazo likasambaa. Thorens wa Uswisi, waliokuwa wakitengeneza visanduku vya muziki tangu karne ya 19, walitoa TD 150 mwaka 1965 kwa mpango ule ule wa springi tatu. Kisha Glasgow, mwaka 1972, ikaja Sondek LP12. Ivor Tiefenbrun wa kampuni ya Linn, iliyoitengeneza, aliwaambia wateja jambo lililowaudhi wauzaji wa spika: kwamba kisichookotwa na sindano hakiwezi kurudishwa na spika yoyote, hata ya bei gani, kwa hiyo pesa ianzie kwenye kicheza santuri. Wengi walimcheka, kisha wakanunua.

LP12 ilizaa ufundi wake wa pekee. Fundi hukipandisha kwenye fremu ya kazi, tumbo likiwa wazi, akakaza au kulegeza nati za springi tatu, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Halafu anaigusa sahani kwa kidole katikati na kuiachia. Inatakiwa ipande na kushuka wima, polepole, kama pistoni. Ikitikisa kiuno upande mmoja, kazi inaanza upya. Waya mdogo unaotoka kwenye mkono ukikaa vibaya unatosha kuiharibu.

Na bado ilikuwa na kasoro, kasoro iliyotoka moja kwa moja kwenye ile hesabu ya springi. Mtu hutembea hatua mbili hivi kwa sekunde, na nyumba nyingi za Uingereza zina sakafu za mbao zilizoegemea maboriti. Springi inayozuia besi vizuri haizuii nyayo, pengine inazikuza. Wenye LP12 walijifunza kunyata ndani ya nyumba zao wenyewe, na maduka yakaanza kuuza rafu za kupigilia ukutani, maana ukuta wa matofali haukanyagwi na mtu.

Essex, Uingereza, walikuwapo waliokataa springi kabisa. Rega, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Tony Relph na Roy Gandy, ilitengeneza vicheza santuri vyepesi na vigumu. Planar 3 ya mwaka 1977 ilikuwa kibao chembamba, sahani ya kioo na miguu ya mpira. Hoja ya upande huo ni kwamba fremu ikiyumba huku mota imetulia, mkanda unavutwa na kulegezwa, na noti inayumba nayo. Hoja hiyo ina ukweli. Japani nako kampuni ya Matsushita ilikwenda njia ya tatu: ikaweka mota moja kwa moja chini ya sahani, bila mkanda, kwenye Technics SP-10 ya mwaka 1970. Mdogo wake SL-1200 wa toleo la MK2, mwaka 1979, alikuwa na kilo 12 na nusu na tabaka la mpira mzito tumboni. Huyo ndiye aliyesimama mbele ya spika za disko usiku kucha. Uzito na mpira vilifanya kazi ambayo Villchur aliifanya kwa springi.

Majaribio ya nyumbani ya kuzuia mtikisiko nayo yana babu yake, na babu huyo hakuwa na santuri. Mwaka 1881 mwanafizikia Albert Michelson alilazimika kuhamisha kifaa chake cha kupimia mwanga kutoka Berlin kwenda Potsdam kwa sababu ya mitikisiko ya mji, na hata huko mtu akikanyaga chini kwa kishindo umbali wa mita mia alikiharibia kipimo. Mwaka 1887, Cleveland, aliweka kifaa kama hicho juu ya jiwe lililoelea kwenye zebaki.

Wapenda santuri hawakuwa na zebaki, walikuwa na jikoni. Wamejaribu mipira ya tenisi iliyokatwa katikati, masanduku ya mchanga, vigae vya zege, mbao za kukatia nyama, hata ile meza nyepesi ya IKEA iitwayo Lack, ambayo ndani ni karatasi tupu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Max Townshend alianza kuuza jukwaa la kuelea juu ya hewa, na wasio na pesa wakaiga kwa tyubu ya baiskeli. Mimi niliiga. Nilipoijaza tyubu sawasawa haikusaidia kitu. Nilipotoa upepo mpaka ubao ukawa kama unaelea, mgongo wa besi ulinyooka. Asubuhi nikakuta vali imevuja na ubao umelala upande mmoja.

Tangu CD ilipotoka mwaka 1982, biashara ya miguu na majukwaa imehamia kwenye vitu visivyo na sindano: amplifaya, vifaa vya intaneti, hata nyaya zinazolazwa juu ya vigingi. Valvu za kioo za amplifaya huweza kweli kuokota mtikisiko, zigonge kwa kucha utazisikia. Zaidi ya hapo naona pesa inatupwa. Sauti ya CD imeandikwa kwa namba, na zinazosomwa vibaya mashine huzisahihisha. Namba haziyumbi kwa sababu jirani amefunga mlango.

Kwa anayecheza santuri Dar es Salaam au Mombasa, habari ni njema nusu. Nyumba nyingi hapa zina sakafu ya zege, nyayo hazisumbui. Kinachobaki ni spika yenyewe. Basi kabla hujanunua kitu fanya hivi. Zima mzunguko, shusha sindano juu ya santuri iliyosimama, pandisha sauti taratibu hadi pale unaposikilizia siku zote, gonga meza kwa kidole. Mlio unaousikia kwenye spika ndio unaoingia kwenye muziki wako. Ukiwa mkubwa, ondoa kwanza spika juu ya meza hiyo. Ukiwa hausikiki, pesa yako kanunulie santuri.