Mtihani wa Wahasibu

Mtu apitaye Njoro huona mashamba ya ngano, matrekta na maghala. Daftari halioni. Walakini pasipo daftari mwenye shamba hajui kama amepata faida au hasara, wala wanachama wa ushirika hawajui kama fedha zao zi salama. Ndiyo maana wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kanuni ya kuandika kila fedha mara mbili, mahali itokapo na mahali iendapo, ni ya zamani. Wafanya biashara wa Italia waliitumia, na mwaka 1494 mtawa Luca Pacioli akaieleza katika kitabu kilichopigwa chapa Venice. Lakini kanuni njema haifai kitu mikononi mwa mtu asiyejua kazi, au aliye mwongo. Basi ni nani atakayempima mhasibu? Huko Scotland, mwaka 1854, wahasibu wa Edinburgh walipewa hati ya Malkia ya kuunda chama chao, nao wakajiwekea masharti ya kuingia.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, kijana aliyetaka kuwa mhasibu kamili alifanya mitihani ya vyama vya Uingereza. Maswali yalitungwa mbali, na majibu yalisahihishwa mbali. Nchi ilikuwa na bendera yake, lakini haikuwa na mizani yake ya kuwapimia watunzaji wa mali yake. Mwaka 1969 likaundwa baraza la taifa la mitihani ya wahasibu na makatibu wa makampuni, lijulikanalo kwa jina la KASNEB. Mwaka 1977 ikapitishwa Sheria ya Wahasibu, na mwaka uliofuata kikaanza chama chao, ICPAK. Sheria hiyo ilifuatwa na nyingine mwaka 2008.

Hapo Njoro penyewe, shule ya kilimo ya Egerton, iliyoanzishwa mwaka 1939, ilifanywa chuo kikuu mwaka 1987. Nacho, pamoja na kilimo, hufundisha elimu ya biashara.

Hata hivyo, wanafunzi, cheti si mwisho wa safari. Mhasibu akitia sahihi hesabu za uongo, mkulima aliyeuza ngano yake huweza kukosa malipo yake yote. Karatasi ya mtihani hupima maarifa kwa saa chache tu. Uaminifu hupimwa kila siku, mtu akiwa peke yake mbele ya daftari.