Dozi Iliyomo Damuni: Kupima Hatari ya Saratani Kabla ya Kuhesabu Wagonjwa

Mtaalamu wa sumu akitajiwa kemikali, swali la kwanza analoulizwa ni kama inaleta saratani. Swali hilo hujibiwa kwa ndiyo au hapana, ndiyo maana linapendwa na wanasheria na waandishi wa habari. Gumu ni lile linalofuata: inaleta saratani kwa kiasi gani, kwa mtu aliyepata dozi ipi? Makala haya yanatetea njia ya kulijibu iliyoasisiwa na Lars Ehrenberg katika Chuo Kikuu cha Stockholm, Uswidi, na kuendelezwa na Margareta Törnqvist pamoja na wenzake. Nadai kwamba dozi ya kuhesabia hatari ni ile iliyomo mwilini, wala si ile iliyomo hewani au sahanini. Nadai pia kwamba tukishaipima, hatuna udhuru wa kusubiri wagonjwa waongezeke ndipo tuchukue hatua.

Kemikali zinazohusika ni zile tendaji, yaani molekuli zenye njaa ya elektroni. Zikiingia mwilini hujishikiza popote zinapozipata elektroni za ziada, na DNA ina sehemu nyingi za namna hiyo. Protini nazo zinazo. Kile kinachobaki kimeshikamana na protini au DNA huitwa adakti. Adakti za DNA ndizo zinazoweza kuanzisha saratani, lakini seli huzirekebisha, na nyingine hutoweka mapema mno kiasi cha kumponyoka mpimaji. Hemoglobini, protini ya seli nyekundu za damu, hairekebishwi hivyo. Molekuli iliyoishika hubaki nayo hadi seli nyekundu ya damu inapokufa, kwa binadamu takriban miezi minne. Adakti hiyo haimdhuru mtu. Thamani yake ni kwamba inatunza kumbukumbu ya kila kilichopita damuni katika miezi hiyo.

Ehrenberg alitoka katika elimu ya mionzi, na asili hiyo ilimjengea mazoea ya kudai kipimo. Katika miaka ya 1950 alikuwa miongoni mwa walioonyesha kwamba oksidi ya ethilini, gesi inayotumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali, huleta mabadiliko ya kurithi katika shayiri. Miaka ya 1970 yeye na wenzake walipendekeza kutumia hemoglobini kama kipimadozi. Kiasi cha adakti kikigawanywa kwa kasi ambayo kemikali hushikamana na hemoglobini, hupatikana dozi halisi: ukolezi wa kemikali damuni ukizidishwa kwa muda iliokaa humo. Dozi hiyo ina maana ileile kwa panya na kwa mtu, ingawa ini la panya na la mtu haliondoi sumu kwa kasi sawa. Kisha Ehrenberg akachukua hatua iliyowashtua wengi, akailinganisha dozi ya kemikali na dozi ya mionzi ya gama inayoleta kiwango sawa cha mabadiliko ya vinasaba. Hatari ya mionzi ilikuwa tayari imechunguzwa kwa manusura wa Hiroshima na Nagasaki, kwa hiyo kemikali ikapata rula ya kupimiwa.

Kupima hewa ya kiwanda ili kujua dozi ya mfanyakazi ni kama kupima mvua ili kujua kina cha maji kisimani. Mfanyakazi mmoja hupumua kwa nguvu kuliko mwenzake, na mmoja ana kimeng'enya kinachoiondoa sumu ilhali mwingine hana. Damu imekwisha kuyajumlisha yote hayo.

Mwaka 1979 watafiti wa Uswidi waliripoti wagonjwa 3 wa saratani ya damu miongoni mwa wafanyakazi 230 wa sehemu ambako oksidi ya ethilini ilitumika, mahali ambapo kwa kawaida angetarajiwa mgonjwa 0.2. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka gesi hiyo katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1994. Kati ya shayiri ya Ehrenberg na uamuzi huo ilipita zaidi ya miaka 35. Tena tuzingatie kwamba wagonjwa wale 3 walionekana kwa sababu ugonjwa wenyewe ni adimu. Kama gesi ingeongeza idadi ileile ya wagonjwa wa saratani iliyozoeleka, ya matiti au ya tezi dume, hesabu ya watu 230 isingeonyesha chochote, na ukimya wa takwimu ungesomwa kama usalama.

Kisa kinachoithibitisha njia hii vizuri zaidi kilianza mwaka 1997 katika mlima wa Hallandsås, kusini mwa Uswidi, ambako handaki la reli lilikuwa linachimbwa. Ili kuziba nyufa zilizovujisha maji, iliingizwa kemikali yenye akrilamaidi. Sehemu yake ilitoroka hadi kwenye kijito. Samaki wakafa, ng'ombe waliokunywa maji yale wakapooza. Kundi la Törnqvist likapima damu ya wafanyakazi. Mbinu yao hukata valini, asidi amino ya kwanza katika mnyororo wa protini ya hemoglobini, pamoja na kilichojishikiza hapo, kisha mashine hupima uzito wa molekuli zilizokatwa. Wafanyakazi walikuwa na adakti nyingi, kama ilivyotarajiwa. Jambo ambalo halikutarajiwa lilikuwa kwa watu wa kulinganishia, wasiovuta sigara na ambao hawajawahi kukaribia handaki: nao walikuwa nazo, kwa kiwango kidogo lakini thabiti.

Mtafiti mwingine angeweza kukiita kiwango hicho kelele za mashine na kuendelea na kazi. Wao waliuliza kimetoka wapi. Walikisia chakula kilichopikwa kwa moto mkali, wakawalisha panya chakula kilichokaangwa, na adakti zikapanda. Mwaka 2002 walichapisha vipimo vya vyakula vyenyewe. Vyenye wanga mwingi vilivyokaangwa au kuokwa, hasa viazi, vilikuwa na akrilamaidi kati ya mikrogramu 150 na 4,000 kwa kilo. Katika vilivyochemshwa haikuonekana. Akrilamaidi hutengenezwa pale asidi amino iitwayo asparajini inapokutana na sukari katika joto linalozidi nyuzi 120. Binadamu alikuwa akiila tangu alipojua kukaanga, na ni damu iliyomwongoza mtafiti hadi jikoni.

Wakosoaji wana hoja nzito. Tafiti nyingi za ulaji hazijaonyesha uhusiano thabiti kati ya akrilamaidi ya chakula na saratani, na kutoka dozi kubwa ya panya hadi dozi ndogo ya mtu ni safari yenye dhana nyingi. Dhana hizo lazima zitajwe wazi. Lakini tafiti za ulaji hutegemea kumuuliza mtu anakula chipsi mara ngapi kwa wiki, wakati chipsi za karai moja zinaweza kutofautiana sana na za karai la pili. Kipimo kibovu hufifisha uhusiano hata pale ulipo.

Ushahidi wa hilo upo Shanghai. Miongoni mwa wanaume 18,244 waliofuatiliwa huko, dodoso la chakula halikuonyesha uhusiano wa maana kati ya sumukuvu (aflatoksini, sumu ya kuvu wa nafaka) na saratani ya ini. Alama za sumukuvu katika mkojo ziliuonyesha, na kwa waliokuwa pia na virusi vya homa ya ini aina ya B hatari ilikuwa takriban mara 59 ya wasio na vyote viwili.

Hapo suala linaingia Afrika Mashariki moja kwa moja. Sumukuvu hugeuzwa na ini kuwa molekuli tendaji inayoshika DNA, na huacha adakti kwenye albumini ya damu. Utafiti wa Peers na Linsell uliochapishwa mwaka 1973 ulipima chakula kilichopikwa majumbani Murang'a, Kenya, katika miinuko tofauti, ukakihusisha na saratani ya ini. Ulikuwa utafiti wa kuheshimiwa, ila uliishia sahanini. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa, wengi wao wa Makueni na Kitui. Viwango vyetu vinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, lakini sumu hujikusanya katika punje chache za gunia, na mpimaji anayechota penginepo hulipitisha gunia. Mahindi ya shambani mwa familia hayapimwi kabisa.

Utafiti wa watoto wa Iringa, Tabora na Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2015 ulipima albumini yao. Ndani ya mwaka mmoja, walipokuwa wakizoea uji, kiwango cha adakti kiliongezeka karibu mara tano. Hakuna aliyehitaji kungoja miaka 40 ili maini yao yatoe ushahidi.

Kliniki za wajawazito tayari huchukua damu kupima virusi vya UKIMWI, kaswende na upungufu wa damu. Kwa ridhaa ya mama, sehemu ndogo ingehifadhiwa na kupimwa adakti za sumukuvu wilaya kwa wilaya, mavuno kwa mavuno. Gharama ya mashine ni kubwa, na maabara moja yenye wataalamu waliofunzwa ingetosha kuhudumia nchi kadhaa. Sharti langu ni moja: matokeo yamfikie mama na afisa kilimo wa kata yake kabla hayajafika jaridani, mama akiwa bado na muda wa kuyaanika upya mahindi na kuchambua punje zilizooza.