Kiraka na Jora

Usiku mmoja wa mwaka 2016 niliketi mbele ya kompyuta yangu ya Linux ikisasisha programu, bando likiwa limebaki la kuhesabu. Moyoni nilijigamba. Mfumo huu una akili, bwana! Hauvuti kifurushi kizima cha programu. Unavuta tofauti tu kati ya toleo la zamani na jipya, kisha unaunganisha hapa hapa nyumbani. Mara kikatoka kijisentensi kwenye kioo: kujenga upya kumeshindikana, kifurushi kizima kinaletwa. Bando likakata safarini. Kiraka nimekilipia, jora nimelilipia, na nguo sina!

Hasira ndiyo iliyonifanya nichimbe historia ya viraka hivi.

Mwaka 1974, huko Bell Labs nchini Marekani, Douglas McIlroy alitoa diff katika toleo la tano la Unix. Kazi yake ilikuwa kulinganisha maandishi mawili na kutaja mistari iliyobadilika, basi. Lakini kuijua tofauti ni jambo moja, kuishona mahali pake ni jingine. Mwaka 1985 Larry Wall akatoa patch, jina ambalo maana yake ni kiraka hasa. Linus Torvalds alipoanzisha Linux mwaka 1991, mabadiliko yalisafiri hivyo kwa miaka zaidi ya kumi. Na kiraka cha Wall kilikuwa na huruma: mistari ikisogea kidogo, kiliwatafuta majirani zake na kujishikiza.

Shida ni kwamba programu iliyokwisha kugeuzwa lugha ya mashine haina mistari. Ongeza kitu kidogo tu, na anwani nyingi za ndani zinasogea. Mwaka 2003 Colin Percival akatoa bsdiff, njia ya kulinganisha mafaili ya namna hiyo. Michael Schroeder wa SUSE akaitumia njia hiyo katika deltarpm, na Juni 2009 Fedora 11 ikaanza kutoa viraka vya vifurushi vyake. Sasa angalia: Julai 2009, mwezi mmoja baadaye, kebo ya SEACOM ikawashwa Mombasa na Dar es Salaam, mahali palipokuwa pakitegemea setilaiti, ghali na za polepole. Yaani kiraka na bomba pana vilitufikia karibu kwa pamoja.

Tofauti na kile cha Wall, kiraka hiki hakina huruma hata chembe. Kompyuta inasoma mafaili yaliyo ndani ya diski, inayachanganya na tofauti iliyoletwa, inajenga kifurushi kamili, kisha inalinganisha alama yake na ile ya watengenezaji. Baiti moja ikipishana, kazi yote inatupwa na jora zima linaagizwa.

Basi nikaandika rpm -V na jina la kifurushi changu. Mbele ya faili moja chini ya /usr/share zikatokea alama mbili, 5 na T: yaliyomo si yale, na wakati wa kubadilishwa si ule. Kumbe ni mimi mwenyewe! Miezi ya nyuma nililifungua faili lile nikabadili tarakimu moja, 8 ikawa 9, nikasahau. Ukaguzi wa haraka wa mwanzo hutazama ukubwa tu, na ukubwa haukubadilika. Fundi alikata kiraka kwa kipimo cha nguo aliyoniuzia, nami nilikwisha kuipunguza kiuno kimyakimya.

Nilinunua bando jingine, nikakisimika upya kifurushi kile kama kilivyotoka kwa wenyewe, na tarakimu yangu nikaihamishia /etc, mahali palipotengwa kwa mapendeleo ya mwenye kompyuta. Sasisho lililofuata likapita bila neno.

Hata hivyo, mwisho wa viraka hivi haukuwa mtamu. Aprili 2024 ilipotoka Fedora 40, viraka vile viliachwa. Sababu zina uzito: vilitengenezwa kwa matoleo machache tu, orodha zake nazo zilibeba uzito wake, na vikishindikana unalipa mara mbili. Siwezi kubisha, usiku ule nilikuwa shahidi wao bila kuitwa. Ila mwenye bomba lisilopimwa akilipa mara mbili, anapoteza dakika chache. Sisi tunaopimiwa megabaiti kama sukari ya dukani tunapoteza fedha, na siku kiraka kilipokubali, ilikuwa fedha iliyobaki mfukoni.

Ndiyo maana nakiona kiraka kuwa ahadi ya watu wawili. Anayekituma anaamini kwamba bado unacho kile alichokupa jana, vilevile. Tangu usiku ule nina daftari kando ya kompyuta. Kila faili ninaloligusa naliandika humo, pamoja na tarehe na sababu, hata kama ni tarakimu moja tu.