Kila neno na mahali pake

Hapa Kamalondo, mtaa wa zamani wa Lubumbashi, tunawaona vijana wengi wakijifunza Kiingereza. Zambia ni jirani yetu, na tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Maneno wanayajua, lakini wakisema hawafahamiki vema. Mara nyingi kosa ni mpango wa maneno.

Kiingereza si kigeni kwetu. Reli ya kutoka Rhodesia ilifika Élisabethville mwaka 1910, na katika miaka ya kwanza Waingereza na watu wa Afrika ya Kusini walikuwa wengi katika kazi ya shaba. Wabelgiji waliogopa nguvu yao. Basi kazini Kiswahili kikashika nafasi, na ofisini Kifaransa. Kiingereza kikarudi nyuma, lakini kilituachia maneno kama «buku» na «bulangeti». Maneno yalibaki, mpango wake haukubaki.

Mpango huo ulitoka wapi? Wazee waliosali Misa kwa Kilatini watafahamu upesi. Ukisema «Petrus Paulum videt» au «Paulum Petrus videt», Petro ndiye aonaye, maana mwisho wa neno wamtambulisha. Kiingereza cha kale, kabla ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa nacho pia miisho ya namna hiyo. Polepole ikadhoofika, na Chaucer alipokufa mwaka 1400, mingi ilikuwa imekwisha kupotea. Kazi yake ikashikwa na mahali pa neno: kwanza mtenda, kisha tendo, kisha mtendwa.

Sisi twasema, «Kitabu mtoto amekisoma», na hakuna anayekosea, kwa kuwa «a» yamtaja mtoto na «ki» yakitaja kitabu. Mwingereza hana msaada huo. Akigeuza, kitabu ndicho kitakachomsoma mtoto!

Basi tujizoeze mambo matatu. La kwanza: sisi twasema «mtoto mwema», wao hutanguliza sifa, «good child». La pili: «ninamwona» ni neno moja, Mfaransa husema «je le vois», lakini Mwingereza huweka mtendwa nyuma, «I see him». La tatu: sisi twauliza «Unasoma?» kwa kupandisha sauti tu, wao hutanguliza «do», «Do you read?»

Andikeni maneno kwenye vipande vya karatasi, myachanganye, kisha myapange mkisoma kwa sauti. Fanyeni hivyo kila jioni kwa sentensi tano tu.

Jambo hili si mchezo. Mfanyabiashara aliyeko Kasumbalesa akiandika «Peter owes Paul», Petro ndiye mwenye deni. Akibadilisha majina mahali, deni lahamia kwa Paulo, naye Paulo hakukopa kitu. Herufi ni zile zile, lakini mwenye kulipa ni mwingine.