Akili Nje ya Dunia: Ushahidi wa Pwani ya Ruvuma

Kwa watu wa pwani ya kusini ya Tanzania, kutoka Mikindani na Mtwara hadi Msimbati na mlango wa mto Ruvuma, nyota zilikuwa watumishi tangu zamani. Kilimia kilimwarifu mkulima majira ya kulima, na nyota nyingine zilimwongoza nahodha usiku. Katika karne ya 20 nyota zilianza kuulizwa swali la namna nyingine: je, huko ziliko wako viumbe wenye akili? Swali hili aghalabu huachiwa wanafalaki na darubini zao. Walakini sehemu kubwa ya ushahidi wake haiko juu. Iko ardhini na baharini, na kusini ya Tanzania kuna fungu lake kubwa.

Mwaka 1950 Enrico Fermi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia aliyehamia Marekani, aliwauliza wenzake walipokuwa mezani: ikiwa viumbe wa namna hiyo ni wengi, mbona hapana hata mmoja aliyeonekana? Mwaka 1959 Giuseppe Cocconi na Philip Morrison walieleza kwamba mawimbi ya redio yaweza kuvuka masafa yaliyo baina ya nyota na nyota. Mwaka 1960 Frank Drake, akiwa Green Bank, Marekani, alielekeza chombo cha kunasa mawimbi hayo kwenye nyota mbili, asisikie neno. Mwaka uliofuata aliandika hesabu yake mashuhuri yenye mafungu saba. Mafungu ya kwanza yahusu nyota na sayari, na hayo yamekwisha kupata majibu mengi; tangu mwaka 1995, ilipogunduliwa sayari inayoizunguka nyota iliyo mfano wa jua, zimejulikana sayari zaidi ya 5,000 nje ya milki ya jua letu. Mafungu ya mwisho yahusu uhai, akili, ustadi wa kupeleka habari, na muda wa kudumu kwa ustadi huo. Kwa kuwa mfano wa mambo hayo uliopo ni mmoja tu, yaani dunia hii, hapana budi kuiuliza historia yake.

Fungu la uhai lilipata shahidi Tanganyika. Tarehe 16 Desemba 1938 jiwe lilianguka kutoka angani karibu na Ivuna, katika bonde la ziwa Rukwa, mbali sana magharibi ya Mtwara. Uzito wake ulikuwa gramu 705. Mwaka 1961, mwaka ule ule wa hesabu ya Drake, George Claus na Bartholomew Nagy walitangaza kuwa wameona ndani ya jiwe hilo, na ndani ya jiwe jingine lililoanguka Orgueil, Ufaransa, mwaka 1864, vitu vidogo mno vilivyofanana na mabaki ya viumbe. Ubishi mkubwa ulizuka. Wachunguzi wengine walibainisha kuwa baadhi ya vitu hivyo vilikuwa chavua na uchafu wa duniani, na vingine chembe za madini tu. Dai likaanguka, lakini jiwe halikunyamaza: mwaka 2001 ilielezwa kwamba lina asidi za amino zilizoumbika huko huko angani. Jiwe la Ivuna, basi, halishuhudii uhai. Linashuhudia kwamba baadhi ya malighafi ya uhai si milki ya dunia peke yake.

Kutoka malighafi hadi akili ni safari ndefu, na urefu wake unapimika Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, jirani wa Mtwara upande wa kaskazini. Baina ya mwaka 1909 na 1913 jumba la makumbusho la Berlin liliendesha huko uchimbaji mkubwa wa mifupa ya dinosaria. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya Waafrika, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliichukua mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na tani zaidi ya 200 zilisafirishwa Ujerumani. Wanyama hao waliishi yapata miaka milioni 150 iliyopita. Jamii yao ilienea duniani kwa muda wa miaka zaidi ya milioni 160, muda ambao mbele yake umri wa binadamu ni kama jioni moja. Hata hivyo hapana tabaka la udongo lililohifadhi moto wao wala zana yao. Mwenye kudai kwamba uhai ukidumu vya kutosha lazima uzae ustadi, na apeleke dai lake Tendaguru kwanza.

Lakini ushahidi huo una mpinzani wake, naye yu hai katika miamba ya ghuba ya Mnazi, ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000. Wakati wa bamvua, maji yakipwa, wanawake wa pwani hiyo huenda mwambani kutafuta pweza. Alama inayomfichua ni maganda ya kaa na chaza yaliyolundikana mlangoni pa shimo lake. Pweza na binadamu wana babu mmoja, aliyeishi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, kiumbe duni mfano wa mnyoo. Tangu hapo kila ukoo ulishika njia yake. Pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu. Ana chembe za fahamu zipatazo milioni 500, na nyingi zake hazimo kichwani bali zimo katika minyiri yake minane. Kiumbe huyu hujifunza, hukumbuka, na hufungua vyombo vilivyofungwa. Katika Bahari ya Shamu ameonekana akiwinda pamoja na samaki wa jamii nyingine. Akili, basi, imezuka duniani kwa njia zaidi ya moja. Na iliyozuka mara mbili katika sayari moja yaweza kuzuka katika sayari nyingine.

Pamoja na hayo, pweza hana cha kumrithisha mwanawe. Pweza wa miamba hii huishi mwaka mmoja au kupita kidogo. Mama huyalinda mayai yake pasipo kula, na yanapoanguliwa yeye hufa. Watoto huchukuliwa na mkondo, na kila mmoja huanza elimu upya, bila mwalimu. Mbingu iliyojaa viumbe wa namna hiyo ingekuwa na akili tele, nayo ingekuwa kimya vile vile kama ilivyokuwa kwa Drake mwaka 1960. Kimya cha nyota, kwa hiyo, si hoja ya kutosha kwamba huko hakuna akili.

Mwambani hapo hapo tofauti yaonekana wazi. Anayetafuta na anayetafutwa wote wana akili. Ila mmoja alionyeshwa mashimo na waliomtangulia, na mwingine hakuonyeshwa lolote na mtu. Fungu la saba katika hesabu ya Drake ni idadi ya miaka ambayo jamii yenye ustadi huendelea kusikika. Aghalabu fungu hilo husomwa kama hesabu ya vita na maangamizi. Pwani ya Ruvuma yaonyesha maana yake nyingine: ni idadi ya miaka ambayo wakubwa huendelea kufundisha, na wadogo huendelea kupokea. Uzi huo ukikatika, akili yaweza kubaki nzima, na sauti isisikike.